Usianike hilo dumu, mkuu. Mwanga hauingii humo

Mkuu, ishia hapohapo. Hilo dumu la njano usilipandishe juu ya bati. Umeandika kwamba una madumu mawili ya lita 20, maji unachota ziwani, na unataka uyaanike asubuhi ili jioni watoto wanywe, mkaa ubaki wa kupikia tu. Ukauliza na harufu ya plastiki, siku za mawingu, na kama chujio la udongo lina maana yoyote. Mimi nilipofika kwenye neno "dumu" mwili ulinisisimka, maana ndilo lililotuangusha sisi.

Wakati kipindupindu kinazunguka vijiji vya huku ufukweni, alikuja bwana mmoja kwenye mkutano wa kijiji, kavaa fulana yenye nembo, kashika kipaza sauti, akatuambia jua linaua vijidudu kwenye maji. Hapo alisema kweli. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sasa tuweke kwenye nini?" Akajibu, "Chombo chochote, jua ni jua. Maji yakishapata moto, kunyweni." Chombo chochote! Mtu kalipwa posho na nauli, kasafiri mpaka kwetu, halafu swali la maana kuliko yote analijibu kwa maneno mawili ili awahi gari la kurudi mjini. Na kijijini kwetu ukisema chombo cha maji umesema dumu, hakuna kingine. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika.

Basi tukaanika. Jioni unagusa ubavu wa dumu, una moto kabisa. Unamimina kwenye kikombe, maji ya uvuguvugu, unaamini kazi imefanyika. Ndio mtego wenyewe huo. Wiki haikuisha mwanangu wa pili akaanza kuhara maji matupu, akafuatia mdogo wake. Tukalala zahanati, macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imekauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Hela yote ya mkaa niliyodhani nimeokoa iliishia kwenye bodaboda ya usiku huo.

Sasa sikiliza kwa nini. Kinachofanya kazi kubwa ni mwanga, hasa mionzi ya urujuanimno ya jua, ile inayoitwa UV-A. Inapenya kwenye maji na kuharibu vinasaba vya vijidudu, na oksijeni iliyomo kwenye maji ikipigwa na mwanga huo inazidi kuwadhuru. Joto linasaidia kweli, lakini hasa maji yakifika nyuzijoto 50 na kuendelea. Dumu la njano ni plastiki nene yenye rangi: mwanga unagonga pale nje unaishia palepale. Hata ungepata dumu linaloonyesha ndani, ni pana mno, maji ya katikati hayafikiwi vya kutosha. Unachobaki nacho ni uvuguvugu, na uvuguvugu wa nyuzi 37 hivi ndio joto la tumbo la binadamu, ambako bakteria wa kinyesi wamezoea kuishi. Umewatandikia kitanda.

Na njia yenyewe si ya kubahatisha, ndiyo maana inauma kuiona ikiharibiwa. Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut waliichunguza na kuitangaza miaka ya 1980, Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, ikaiendeleza kuanzia 1991. Hapo jirani Kenya, Ronan Conroy na wenzake waliijaribu kwa watoto wa Kimaasai, matokeo yakachapishwa 1996 kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Watoto wote walipewa chupa za plastiki. Wengine wakaziweka juu ya paa juani, wengine wakaziacha ndani. Wa juani waliharisha mara chache kuliko wa ndani. Chupa, mkuu. Hakuna dumu hapo.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote utayajua mbele ya safari: kama mwanga haupiti, maji hayo jua halijayatibu, hata dumu likiwa la moto. Tafuta zile chupa za maji ya kununua, zisizo na rangi, lita moja na nusu au lita mbili, zisizidi hapo. Chini utaona pembetatu yenye namba 1. Za kijani na za kahawia achana nazo. Bandua karatasi yote, osha kwa sabuni. Chupa iliyokwaruzika mpaka ikawa na ukungu itupe.

Halafu maji yenyewe yawe maangavu. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomo wa chupa mpaka chini: herufi za kichwa cha habari zisomeke. Zisiposomeka, acha maji yatulie usiku kucha, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, upime tena. Ziwa likichafuka baada ya mvua, mara nyingi hayasomeki hata hivyo. Siku hiyo chemsha, usibishane na jua.

Yakisomeka, jaza robo tatu, tikisa kwa nguvu hewa iingie, malizia kujaza, funga, laza chupa juu ya bati pasipo kivuli cha mwembe wala cha jirani. Ilaze, usiisimamishe. Anza saa tatu asubuhi, toa saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili mfululizo. Mvua ya kutwa, rudi kwenye mkaa. Na mtoto anywe kutoka kwenye chupa hiyohiyo au kikombe safi. Ukiyamimina tena kwenye dumu umerudi ulikotoka.

Kama kuna mtoto ameshaanza kuhara hapo nyumbani, acha kusoma huu uzi, mpe ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na umpeleke zahanati sasa hivi. Kama wote wazima, madumu yabaki ya kuchotea na kufulia. Kesho pita kwa mwenye duka, mwombe chupa tupu, halafu zipige picha uziweke hapa kabla hujapandisha hata moja juu ya bati. Nitaangalia.