Maswali na majibu: Tepu zimejaa, nimepiga purge, sasa restore haioni kitu

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni afisa TEHAMA wa chuo. Tunatumia Bacula, programu ya kuchukua bakapu, na mashine ya tepu yenye sloti 8: tepu 7 za LTO-6, BK0001L6 hadi BK0007L6, na moja ya kusafishia. Kila Ijumaa usiku tunachukua bakapu kamili ya seva zote, kama TB 2. Siku nyingine tunachukua mabadiliko tu, kama GB 50 kwa siku. Wiki ya nane kazi ilisimama na bconsole, dirisha la amri la Bacula, ikaandika “Cannot find any appendable volumes”. Fundi mmoja akanielekeza niipige cancel ile kazi, kisha purge volume kwenye tepu zote 7, na ikikwama tena nitumie mt weof. Nikapiga purge, kazi zikaendelea. Ila Jumamosi ile bakapu ndogo iligeuka kamili yenyewe, na hadi leo, wiki moja baadaye, tepu mbili za mwanzo zimeshaandikwa upya. Sasa Uhasibu wanataka faili la mishahara la wiki kama 5 zilizopita na restore haioni chochote. Je, nipige weof nianze upya?

JIBU: Usiguse weof. Faili la Uhasibu kwa hesabu yako bado lipo kwenye tepu, na amri hiyo ndiyo itakayolizika.

Kwanza zuia tepu zilizobaki zisiandikwe. Ndani ya bconsole zima ratiba ya kila kazi kwa disable job= ukifuata na jina lake, halafu kwa kila tepu kuanzia BK0003L6 hadi BK0007L6:

update volume=BK0003L6 volstatus=Read-Only

Kisha zitoe kwenye mashine na usogeze kile kitufe cha kuzuia kuandika kilicho pembeni mwa kasha. Usitegemee katalogi, yaani kanzidata ya Bacula, peke yake. Kitufe hakisomi katalogi, na kesho mwenzako akibadilisha hadhi ya tepu kwa bahati mbaya, draivu bado itakataa kuandika.

Sasa hilo jambo linalonichosha kulieleza. Watu wanaichukulia tepu kama flashi: imejaa, futa, nafasi imerudi. Purge haigusi tepu kabisa. Inafuta kumbukumbu za kazi na za mafaili kwenye katalogi, kisha inaipa tepu hadhi ya Purged, maana yake “ruhusa, andika juu yake”. Data inabaki pale pale hadi usiku ambao Bacula itaichagua tepu hiyo. Kwa hiyo ulichofuta wewe ni ramani, na tepu mbili tu ndizo zilizofutika kweli. Purge pia haijali muda wa kuhifadhi uliouweka. Programu yenyewe ilikuambia amri hiyo ni ya hatari na kwamba kwa kawaida utumie prune, inayoheshimu muda huo. Onyo hilo hutokea kwenye skrini kila mara, na kila mara kuna fundi anayesema “bonyeza tu, hiyo ni kawaida”.

Kuna mawili zaidi ambayo fundi huyo hakukwambia. La kwanza: kazi moja ikiwa imeanza tepu ya 6 na kuishia tepu ya 7, ukipiga purge tepu ya 6 peke yake, kumbukumbu ya kazi nzima inaondoka. Ile nusu iliyo kwenye tepu ya 7 inabaki yatima. La pili ndilo jibu la kioja chako cha Jumamosi. Bacula ikitaka kuchukua mabadiliko, huuliza katalogi: bakapu kamili ya mwisho ya kazi hii, kwa seva hii na kwa orodha hii ya mafaili, ilikuwa lini? Wewe ulishaifuta. Haikuikuta, ikaipandisha ile ndogo iwe kamili. Badala ya GB 50 ukaandika TB 2, na Ijumaa ikaja nyingine ya TB 2. Dawa ya kuongeza nafasi imekula nafasi mara mbili kwa wiki moja.

Weof ni balaa la aina nyingine. Inaandika alama ya mwisho wa faili pale kichwa cha draivu kilipo. Ukiipiga tepu ikiwa mwanzoni, lebo ya Bacula inapotea na draivu ya LTO inahesabu hapo ndipo data inapoishia. Haitakubali kusoma zaidi ya hapo kwa amri za kawaida. Purge unaweza kuirudia nyuma kwa bscan, programu inayosoma tepu na kurudisha kumbukumbu zake kwenye katalogi. Weof huwezi. Imo kwenye maelekezo ya Bacula kwa kazi ya kuondoa lebo ya zamani kwenye tepu uliyokwisha kuamua kwamba haina kitu unachokitaka.

Turudi kwenye faili la mishahara. Kwa wiki unaandika TB 2 na GB 300 za mabadiliko, jumla TB 2.3. LTO-6 inabeba TB 2.5. (Ile 6.25 iliyochapwa kwenye boksi ni kwa data inayobanika mara 2.5; PDF zilizoskaniwa, picha na video hazibaniki hivyo, usipangie bajeti.) Tepu 1 na 2 zilibeba TB 5 za kwanza, na zimeshaandikwa upya. Bakapu kamili ya wiki ya 3 ilianza baada ya TB 4.6, hivyo kichwa chake, kama GB 400, kilikuwa kwenye tepu ya 2 na hakipo tena. Ya wiki ya 4 ilianza TB 6.9 na kuishia 8.9: iko nzima kwenye BK0003L6 na BK0004L6. Hiyo ndiyo ya wiki 5 zilizopita.

Kabla ya kusoma tepu, chukua nakala ya katalogi ilivyo sasa (pg_dump au mysqldump, kutegemea unayotumia). Kisha ongeza Job Retention na File Retention (muda wa kutunza kumbukumbu za kazi na za mafaili) za kila Client, yaani kila seva unayoichukulia bakapu, kwenye bacula-dir.conf, mathalani ziwe mwaka 1, na upige reload. Hatua hii inarukwa sana. Muda wa kawaida wa kumbukumbu za mafaili ni siku 60. Bscan hurudisha kazi kwa tarehe zake za zamani, na zikiwa zimepita muda, usiku ule ule AutoPrune, ufagiaji wa Bacula yenyewe, itazifagia. Mtu anasoma tepu kutwa nzima, asubuhi anaamka katalogi ni tupu, anasema tepu ni mbovu.

Simamisha huduma inayoshika draivu, ingiza tepu, uangalie kilichomo:

systemctl stop bacula-sd
mtx -f /dev/sg3 load 3 0
bls -j -c /etc/bacula/bacula-sd.conf -V BK0003L6 /dev/nst0

Namba ya sg yako itakuwa nyingine. Lsscsi -g itakuonyesha. Zingatia pia ni nst0, wala si st0. Hiyo st0 hurudisha tepu mwanzoni kila programu inapofunga kifaa, na anayeandika baada ya hapo anaandika juu ya lebo. Bls ikikuorodheshea kazi na tarehe zake, rudisha kumbukumbu kwenye katalogi. Kazi imevuka tepu mbili, basi zitaje zote mbili kwa mpangilio, ndani ya alama za kunukuu ili ganda la Linux lisiitafsiri ile mistari ya wima:

bscan -v -s -m -c /etc/bacula/bacula-sd.conf -V "BK0003L6|BK0004L6" LTO6-0

Hilo la mwisho ni jina la Device kwenye bacula-sd.conf yako. Ongeza -n, -u na -P kwa jina la kanzidata, mtumiaji na nywila kama si za kawaida. Draivu ya LTO-6 inasoma MB 160 kwa sekunde, hivyo tepu nzima ni zaidi ya saa 4 hata kabla hujahesabu kazi ya kanzidata kuingiza mamilioni ya majina ya mafaili. Acha iende ndani ya screen au tmux, ili SSH ikikatika usilazimike kuanza tena.

Ikiisha, kwa kuwa -m hugusa taarifa za tepu, hakiki tena kwa list volumes kwamba hizo mbili ni Read-Only. Washa bacula-sd, ingia bconsole, andika restore, chagua kuingiza namba za JobId, weka alama kwenye faili, na urejeshe kwenye folda ya pembeni kama where=/var/tmp/rejesha. Usirejeshe juu ya mfumo wa mishahara unaofanya kazi.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kundi la tepu, ile sehemu ya Pool ya faili la usanidi. Piga llist volume=BK0003L6 utazame mstari wa VolRetention. Nina uhakika utakuta 31,536,000, yaani sekunde za siku 365, kwa sababu hukuandika muda wowote na Bacula ikaweka wake. Tepu 7 kwa TB 2.3 kwa wiki zinatosha wiki 7 na nusu. Uliiambia itunze mwaka mzima, ikatunza, tepu zikaisha. Bacula haikukosea popote.

Kwa data ya ukubwa wako, bakapu kamili kila wiki ni anasa. Chukua kamili mara moja kwa mwezi (1st fri), tofauti tangu ile kamili kwenye Ijumaa nyingine (2nd-5th fri), na mabadiliko siku zilizobaki. Kila moja iwe na kundi lake:

Kamili: Volume Retention miezi 6, Volume Use Duration siku 3. Tepu 7.
Tofauti: Volume Retention siku 40, Volume Use Duration siku 27. Tepu 3.
Mabadiliko: Volume Retention siku 20, Volume Use Duration siku 6. Tepu 4.

Jumla 14, ukiacha ya kusafishia. Mashine yako ina sloti 8, na hiyo ni heri: tepu za kamili zikikaa kabatini kwenye jengo jingine, moto au kirusi cha kudai fidia hakizifikii. Volume Use Duration, muda ambao tepu inaruhusiwa kuandikwa, usiiache. Tepu iliyo bado na hadhi ya Append huendelea kuandikwa, na muda wa kuhifadhi huhesabiwa tangu ilipoandikwa mwisho; ukiongeza kidogo kila usiku, saa inaanza upya kila usiku. Na Job Retention isipungue muda wa tepu. Kumbukumbu za kazi zikifagiwa zote mapema, tepu inahesabika tupu na itaandikwa kabla ya miezi yako 6. Kamili nayo lazima iishi muda mrefu kuliko zile zinazoitegemea.

Ukishahariri faili, reload haitoshi. Tepu zilizokwisha kupewa lebo zina thamani zake ndani ya katalogi na hazisomi usanidi mpya hadi uziambie:

update pool=Kamili
update volume allfrompool=Kamili

Tepu mpya ziweke kwenye kundi la akiba, Scratch, kwa label barcodes pool=Scratch, na makundi yote yatachota humo. Weka Cleaning Prefix = "CLN" ili ile ya kusafishia isijaribiwe kupewa lebo. Ukibadilisha tepu kwa mkono, piga update slots. Nusu ya simu za “Bacula haioni tepu” ni InChanger, alama ya katalogi kwamba tepu imo kwenye mashine, iliyobaki 0. Usitumie mtx wakati Bacula imeshika draivu. Piga unmount kwanza.

Na sasa kwa wengine wote wenye mashine za tepu, kwa kuwa huyu msomaji si peke yake. Mtu akikupa amri ya kufuta kabla hajakuomba matokeo ya list volumes, huyo hajui tatizo lako. Kuna mwingine mwenye tiba ya kuweka Purge Oldest Volume = yes ili “isisumbue tena”. Ni kweli haitasumbua: kila tepu zikiisha itafuta ya zamani zaidi bila kujali muda, kimya kimya, usiku. Aliyeikusudia mema alitaka Recycle Oldest Volume, inayoheshimu muda. Wapo hata wanaofuta tepu za LTO kwa sumaku kubwa ili “ziwe mpya”. LTO ina alama za mwongozo zilizoandikwa kiwandani. Sumaku inazifuta pamoja na data, na hakuna draivu ya ofisini inayoweza kuziandika tena. Tepu hiyo imekuwa takataka.

Basi fungua /etc/cron.d, crontab ya root, folda ya skripti zako na bacula-dir.conf, utafute kwa grep maneno haya: purge, delete volume, weof, erase, /dev/st0. Kwa kila mstari utakaokutana nao, uliza aliuweka nani na kwa tepu ipi. Usipopata jibu, uweke alama ya # mbele kabla ya Ijumaa.