Baba ametoka kupata shambulio la moyo: achemshiwe mizizi ya gloriosa?

Pole sana dada kwa kuuguliwa. Kemikali uliyosikia imo kwenye gloriosa, lile ua jekundu lenye kingo za njano, inaitwa kolchisini. Ni dawa ya zamani ya jongo. Hutuliza uvimbe, hata ule wa ndani ya mishipa ya moyo. Katika utafiti wa COLCOT wa 2019, kati ya wagonjwa 4,745 waliotoka kupata shambulio la moyo, waliomeza miligramu 0.5 kila siku walipata matatizo mapya asilimia 5.5, wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 7.1. Marekani iliiidhinisha kwa moyo 2023. Ila utafiti mkubwa zaidi wa 2024 haukuona faida, hivyo madaktari bado wanabishana.

Mizizi, nakusihi, msimpe kabisa. Nusu miligramu haipimiki kwa kisu na sufuria. Ikizidi, mtu hutapika na kuharisha, kisha figo na uboho hushindwa kazi, na watu wamekufa hivyo.

Muulizeni daktari wake kuhusu kidonge chenyewe. Mwambieni kama figo zina shida, au kama anameza klarithromaisini (dawa ya kuua bakteria), maana zikikutana ni hatari. Aspirini na dawa ya kolesteroli alizoandikiwa asiziache.