Bolti ya .303 inagoma lini?

Bunduki ya marehemu baba ni Lee-Enfield .303 Mark III, ya ukoo mmoja na zile za Waingereza walioiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Leseni ilipoandikwa jina langu nikakuta bolti, kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, ni nzito. Nikaimwagia mafuta ya cherehani, kisha ya injini. Nyumbani ikateleza kama sabuni. Shambani Magu, risasi moja tu ya kuwatishia viboko waliovamia mpunga, bolti ikakwama. Niliupiga mkono wa bolti hadi kiganja kikavimba.

Nikampelekea mzee mmoja mstaafu wa jeshi.

“Shikamoo mzee. Imegoma.”

“Marahaba. Inagoma lini?”

Sikuwa na jibu. Nilijua inagoma, basi.

Swali hilo ndilo ninalokuachia. Kabla ya lolote toa magazini, fungua bolti, tia kidole kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, uhakikishe hakuna risasi. Kisha fungua na kufunga ikiwa tupu. Lee-Enfield hujikoki, yaani hukaza springi ya kufyatulia, wakati wa kufunga, tofauti na Mauser 98 ya Kijerumani inayojikoki wakati wa kufungua, kwa hiyo ukifika mwisho wa kusukuma mbele lazima ukutane na springi. Huo si ugonjwa. Ikiwa inakwaruza njia nzima, ni uchafu au grisi ya zamani iliyoganda: chomoa bolti, ioshe kwa mafuta ya taa, ifute. Tazama pia namba kwenye shina la mkono wa bolti. Kama hailingani na ya bunduki, huenda bolti ilibadilishwa. Usifyatue, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Yangu ikiwa tupu ilikuwa laini. Iligoma baada ya kufyatua tu, na hapo mtuhumiwa ni chemba. Mzee akaomba ganda la ile risasi, akaligeuzageuza juani. Lilikuwa na michirizi na vidoa, kama limevutwa juu ya msasa.

Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa risasi, inayoacha chumvi ndani ya mtutu na chemba kila unapofyatua. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, na sisi wa kandokando ya ziwa unyevu tunao wa kugawa. Mafuta hayaiyeyushi hata uyamwage debe. Maji huiyeyusha. Siku ileile uliyofyatua, mimina maji ya moto kuanzia chemba hadi mdomo wa mtutu, sugua chemba kwa brashi ya shaba, kausha kabisa, ndipo upake mafuta kidogo.

Na kabla ya kufyatua tena, futa chemba iwe kavu. Hapa ndipo nilipokuwa najitafutia kaburi. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kushika ukuta wa chemba. Ukutani pakiwa na mafuta, ganda huteleza nyuma na kuigonga bolti kwa nguvu zaidi. Lee-Enfield hufungia bolti kwa nyuma, na nyuma yake ni uso wako.

Fundi aliipima kabla sijaitumia tena. Sasa inafunguka kwa vidole viwili. Maganda bado yana michirizi kidogo, maana kutu ilishakula chuma na pale hapazibiki.

Mke wangu alikataa birika lake liguse bunduki. Nimenunua langu sokoni, nimeliandika kwa rangi nyekundu: SI LA CHAI.