Amri ya dharura ilishatoka, mbona ndege ya pili ikaanguka?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Juzi nyumbani tumebishana mpaka chai ikapoa, binamu yangu anasema ile Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliyoanguka 2019 ikija huku Nairobi ilikuwa tayari imetolewa amri ya dharura miezi minne nyuma. Kama ni kweli, kwani nani aliiruhusu iruke?
Mama Brian, Kayole

JIBU: Mama Brian, binamu yako yuko sawa kabisa. MAX nyingine, ya shirika la Lion Air, ilianguka baharini Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189 wakafa, na siku 9 baadaye FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, wakatoa amri ya dharura. Sasa hapa ndo wengi wanachanganya, si kila amri ya dharura inasema ndege ikae chini. Kuna inayosema isiruke mpaka fundi akague, na kuna inayosema tu badilisheni kitabu cha rubani, na hii ilikuwa ya kitabu. Mashirika yalipewa siku 3 kuongeza maelezo kwamba sensa moja, yaani kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo, ikidanganya, pua inaweza kusukumwa chini yenyewe, basi rubani akate umeme wa trimu, yaani mtambo wa mkiani unaoinua au kushusha pua, kwa swichi mbili halafu azungushe gurudumu lake kwa mkono. Mfumo wenyewe uliokuwa unasukuma pua, MCAS, haukutajwa hata mara moja!

Tarehe 10 Machi 2019 marubani wa Ethiopian walizikata zile swichi, lakini ndege ilikuwa na spidi kali mno, lile gurudumu liko pale pembeni ya goti la rubani na mikono haikuweza kulizungusha. Dakika 6 tu tangu kupaa, watu 157, Wakenya wenzetu 32. Mimi linaniuma mpaka leo kwamba kwa karatasi ile walibebeshwa marubani kazi ya kurekebisha kosa la kiwandani.

China walizizuia MAX tarehe 11, Ulaya 12, Marekani wenyewe 13. FAA waliziachia Novemba 2020, programu ikiwa imebadilishwa isome sensa mbili. Halafu Januari 2024 kipande cha ukuta kilipochomoka kwenye MAX 9 ya Alaska Airlines angani, amri ya dharura ilitoka kesho yake na safari hii haikuwa ya kitabu, ndege 171 zilikaa chini mpaka zikaguliwe.