Kuelekeza trafiki kwa anwani ya chanzo: CRS326 na laini mbili za intaneti

Ndugu, nimekuelewa hivi: ofisi iko Westlands, mna laini mbili za intaneti, na swichi ni MikroTik CRS326 yenye RouterOS 7 (mfumo endeshi wa MikroTik). Umeweka kanuni zinazoonekana sahihi, lakini wageni bado wanatokea laini A. Uhasibu (VLAN 10, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile, 10.10.10.0/24) lazima watokee laini A kwa sababu benki imeruhusu anwani hiyo moja tu ya umma. Wageni (VLAN 20, 10.10.20.0/24) unataka watokee laini B. Ruta zote mbili ziko VLAN 99: A ni 10.10.99.2, B ni 10.10.99.3, na swichi ni 10.10.99.1.

Kabla ya amri yoyote, jiulize kama wageni wanahitaji kufikia kitu chochote cha ndani. Kama hawahitaji, ondoa 10.10.20.1 (lango la wageni) kwenye swichi, iweke kwenye ruta B, kisha pitisha VLAN 20 ikiwa na lebo hadi huko. Swichi haitachagua njia tena, na fundi atakayekuja baada yako ataelewa bila kuuliza. Mimi ningeishia hapo.

Ila kama wageni wanatumia printa ya ndani, endelea. Swichi huangalia pakiti inakoenda, inakotoka haiijali. Kwa hiyo unaitengenezea jedwali la pili la njia, kisha kanuni za kusema nani alitumie:

/routing table add name=lainib fib
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=10.10.99.3@main routing-table=lainib
/routing rule add dst-address=10.10.0.0/16 action=lookup table=main
/routing rule add src-address=10.10.20.0/24 action=lookup table=lainib

Njia kuu ya jedwali la main (lile la kawaida la swichi) ibaki ruta A, kwa hiyo uhasibu hawahitaji kanuni yoyote. Mpangilio wa kanuni mbili za mwisho ndio unaowaumiza wengi. Ukiigeuza, wageni watapata intaneti vizuri lakini printa itakufa, kwa sababu pakiti za kwenda kwake zinapelekwa ruta B.

Ukitumia action=lookup kwenye kanuni ya wageni, njia ya lainib ikizimika wageni wanarudi laini A. Hutaki hivyo? Weka lookup-only-in-table. Lakini usitegemee check-gateway=ping (kipimo cha njia kinachouliza ruta kama iko hai) kugundua laini imekatika: inapima ruta B, ambayo iko hapo kwenye kabati lako na itajibu hata kama nyaya zimekatwa na wachimbaji Waiyaki Way. Weka njia ya 9.9.9.9/32 kupitia 10.10.99.3, kisha Netwatch (kifaa cha RouterOS cha kupima anwani) ipime anwani hiyo na kuzima njia ya lainib ikikosa jibu. Basi mtu yeyote ofisini asitumie 9.9.9.9 kama DNS (seva ya kutafsiri majina ya tovuti), kwani sasa inategemea laini B.

Sasa tatizo lenyewe linalokusumbua, la kanuni kuonekana sahihi huku wageni wakiendelea kutokea laini A. Chipu ya swichi inapofanya kazi ya kuelekeza yenyewe (l3-hw-offloading), hupewa jedwali la main peke yake. Kanuni zako zinasomwa na CPU, na pakiti haifiki huko. Kwenye poti za wageni (hapa ether5) izime kazi hiyo:

/interface ethernet switch port set ether5 l3-hw-offloading=no

Kama ether5 inabeba VLAN nyingine pia, usiizime poti nzima. Peleka wageni tu kwa CPU:

/interface ethernet switch rule add switch=switch1 ports=ether5 src-address=10.10.20.0/24 redirect-to-cpu=yes

CPU ya CRS326-24G-2S+ ni ya 800 MHz. Laini ya 50 Mbps haitaisumbua, lakini usiipitishie kunakili mafaili ya gigabiti. Jambo jingine: majibu yanayorudi kutoka ruta B bado yanapita kwenye chipu, kwa hiyo CPU inaona upande mmoja tu wa mazungumzo. Kanuni ya kutupa pakiti za invalid (zisizolingana na mazungumzo yanayojulikana) kwenye /ip firewall filter ya swichi itakata miunganisho halali. Iondoe, ulinzi huo uwe kwenye ruta.

NAT (kubadili anwani za ndani kuwa ya umma) nayo ifanyike kwenye ruta. Ruta B iwe na njia ya kurudi, 10.10.20.0/24 kupitia 10.10.99.1, na NAT yake itaje mtandao huo. Hii ikikosekana utaona pakiti zinatoka na hakuna kinachorudi.

Usipime kwa ping ya swichi yenyewe, hata ukiweka src-address=10.10.20.1. Ping hiyo inatoka kwa CPU, itafaulu huku laptopu ya mgeni ikishindwa. Kaa kwenye laptopu, andika tracert -d 1.1.1.1, angalia mstari wa pili: lazima iwe 10.10.99.3.

Kwa mwenzetu mwenye swichi ya Cisco, Catalyst 3750: unahitaji toleo la programu la IP Services, halafu amri ya sdm prefer routing na kuiwasha upya, la sivyo ip policy route-map (amri yake ya kuelekeza kwa chanzo) haifanyi kazi. Usiweke mistari ya deny kwenye ACL (orodha ya kuchagua pakiti) ya route-map. Pakiti zinazoigusa hupelekwa CPU na swichi nzima inakuwa nzito. Ndiyo maana kwenye hiyo ningeelekeza kwa chanzo wageni wasiohitaji kitu cha ndani, basi.