Siku moja Zion inatosha?
Umeuliza kama siku moja inatosha hifadhi ya taifa ya Zion kule Utah, Marekani, mkipita na gari, inatosha kabisa ila mfike alfajiri manake paking zinajaa mapema na miezi ya joto gari binafsi haziingii ndani ya korongo, mnapanda basi la hifadhi, halina nauli. Kupanda Angels Landing, kile kilele chenye njia nyembamba, tangu 2022 lazima kibali, kinaombwa mtandaoni kwa bahati nasibu. Mimi lakini ningesema nendeni Narrows, unatembea ndani ya mto wenyewe kuta zimesimama huku na huku, aisee pazuri mno! Ila cheki hali ya hewa kwanza, mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, kwenu jua linawaka, na maji yakaja ghafla hakuna pa kukimbilia, wakisema kuna hatari ya mafuriko msithubutu kuingia.