Maswali yenu kuhusu Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe

Nilipoandika mistari michache kuhusu sauti ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, sikutarajia barua nyingi hivi. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi mngependa kuyajua.

Ni kweli alizaliwa Zanzibar, au ni maneno ya watembeza watalii? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli tupu. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, enzi za Sultani Khalifa bin Harub na Waingereza, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa mahakama kuu. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi wa Gujarat, na jina lao la ukoo linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Dini yao ni ile ya Zoroaster, dini ya kale ya Uajemi. Wasomaji wa Biblia wanawajua mamajusi waliomfuata yule mtoto kwa nyota: jina hilo asili yake ni makuhani wa dini hiyo.

Sasa, alikuwa Mzanzibari? Wapo wanaomkana kwa sababu ya maisha aliyoishi baadaye, ya kupenda wanaume. Mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipangwa kufanyika Unguja, ikapingwa na jumuiya ya Kiislamu, ikafutwa. Wapo pia wanaotaka awe wetu mzima mzima, wakidai wanasikia taarabu ndani ya nyimbo zake. Mimi taarabu hiyo sijaisikia, na nimezisikiliza sana. Lakini Unguja ya wakati ule ilikuwa ya Waswahili, Waarabu, Wangazija, Wagoa, Wahindi wa kila madhehebu. Mtoto aliyezaliwa humo na kulelewa na yaya humo ni wa humo. Siwezi kumnyima mtu kitovu chake.

Kama alizaliwa huku, Uingereza alifikaje? Na jina la Mercury ni la nani? (Msomaji, Mombasa)

Alipitia India kwanza. Akiwa na miaka minane wazazi walimpandisha meli, akaenda kusoma bweni katika shule ya St Peter's, mji wa Panchgani, kwenye milima ya kusini mashariki mwa Bombay. Mtoto wa miaka minane, bahari nzima kati yake na mama! Huko ndiko alikojifunza piano, huko wenzake walianza kumwita Freddie, na huko, akiwa na miaka kama 12, alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikaondoka kwenda Feltham, kitongoji cha London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Mercury alijipa mwenyewe, mnamo 1970. Kwa Kiingereza ni jina la sayari tunayoiita Utaridi.

Shikamoo. Mimi na wenzangu tuna bendi mwaka wa nne huu, hatujatoka. Yeye alianzaje? (Kijana, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Alianza kwa kuuza mitumba. Yeye na Roger Taylor, aliyekuja kuwa mpiga ngoma wa Queen, walikuwa na kibanda katika soko la Kensington. Aliwahi pia kubeba mizigo ya abiria pale Heathrow. Alisomea uchoraji na usanifu katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza 1969, na elimu hiyo haikupotea: nembo ya Queen, yenye simba wawili, kaa, visichana viwili vyenye mabawa na ndege mkubwa juu yao, aliichora mwenyewe kwa kufuata nyota za kuzaliwa za wanabendi wote wanne.

Bendi zake za kwanza, Ibex na Sour Milk Sea, zilivunjika. Mwaka 1970 Taylor na mpiga gitaa Brian May waliachwa na mwimbaji wao, naye akaingia, akashikilia kwamba bendi iitwe Queen. John Deacon wa gitaa la besi akaja 1971. Santuri ya kwanza ilitoka 1973 na haikutikisa mtu. Ni 1974, wimbo wa Killer Queen ulipofika namba mbili Uingereza, ndipo watu walipogeuza shingo. Hesabu tangu ashuke London: miaka kumi. Ninyi mna minne.

Meno yake yalikuwa vile kwa nini, na mbona hakuyarekebisha hata alipopata fedha? (Msomaji, Tanga)

Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa, yakayasukuma ya mbele. Aliogopa kwamba akiyang'oa sauti itabadilika. Ndiyo maana katika picha nyingi anafunika mdomo kwa mkono akicheka. Jambo hilo hunigusa: jukwaani hakuwa na woga hata chembe, lakini kicheko chake alikifunika.

Katika Bohemian Rhapsody anasema "Bismillah". Alikuwa Mwislamu? (Msomaji, Lamu)

Hapana, nimeshaeleza dini ya kwao. Maana ya wimbo ule hakuwahi kuieleza. Alisema kila msikilizaji ajitafutie yake. Ila mtoto aliyekulia Mji Mkongwe amelisikia neno hilo kila mlango, kabla ya kila tonge. Mimi nadhani lilimjia kutoka huko, na hii ni dhana yangu tu.

Wimbo wenyewe, wa mwaka 1975, hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti zisizo na ala, unaingia piano, unageuka opera, unalipuka roki, kisha unazimika taratibu. Umati ule wa waimbaji mnaousikia katikati ni watu watatu tu, Freddie, May na Taylor, waliorekodi sauti zao juu ya sauti zao tena na tena hadi utepe ukachakaa. Sauti ya juu kabisa, ile inayopasua paa, ni ya Taylor. Kampuni ya rekodi iliona karibu dakika sita ni nyingi mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett akaupiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja, na ukaja kukaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa.

Filamu ya 2018 ya maisha yake inaonyesha kwamba kabla ya Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, bendi ilikuwa imesambaratika, naye anajua ni mgonjwa. Ndivyo ilivyokuwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sivyo. Queen walikuwa ziarani hadi Mei 1985, na Live Aid ilikuwa tarehe 13 Julai mwaka huohuo. Walipanda jukwaa la uwanja wa Wembley, London, mikono ikiwa bado moto, na kwa dakika kama 20 mbele ya watu wapatao 72,000 walifanya kazi ambayo wengi, nami nikiwemo, tunaihesabu kuwa bora kuliko zote siku ile. Ugonjwa, kwa maelezo ya mwenzi wake Jim Hutton, aliujua 1987. Filamu imesogeza miaka ili tulie. Ukweli ulitosha kutuliza.

Ni kweli Queen walipiga muziki kwa makaburu? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli. Oktoba 1984 walipiga katika hoteli ya starehe ya Sun City, Bophuthatswana, moja ya zile "nchi" za Waafrika zilizobuniwa na makaburu ndani ya Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwaomba wasanii wasiende. Walijitetea kwamba wao si watu wa siasa na wanampigia yeyote anayetaka kusikiliza. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Nampenda Freddie, lakini hapa alikosea, na mtoto wa Zanzibar alikuwa na sababu zaidi ya wenzake ya kuliona kosa hilo.

Kwa nini alificha ugonjwa hadi siku ya mwisho? (Msomaji, Bukoba)

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake, tarehe 24, akafariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45. Katika tangazo alisema alinyamaza ili kuwalinda wa karibu naye. Ndugu wa Bukoba, wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka ile tulizika ndugu zetu tukasema "aliugua kwa muda mrefu", na hakuna aliyeuliza. Dawa za mchanganyiko zilizokuja kuokoa watu zilianza kutumika 1996.

Alichokifanya ni kuimba. Brian May amesimulia kwamba alihofia wimbo wa The Show Must Go On ungemshinda, kwa jinsi alivyodhoofika, naye akanywa vodka kidogo na kuumaliza. Hadi Mei 1991 alikuwa studio huko Montreux, Uswisi, akirekodi nyimbo alizojua wenzake watazimalizia bila yeye. Walizitoa 1995.

Kaburi lake liko wapi? Ningependa kuweka ua. (Msomaji, Muscat)

Hakuna kaburi. Alichomwa, mazishi yakiongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, mchumba wake wa ujanani aliyebaki rafiki yake wa moyo na kurithi nyumba yake, naye hajasema aliyaweka wapi. Montreux kuna sanamu yake kando ya ziwa, mkono umeinuliwa juu. Na ukija kuwatembelea nduguzo Unguja, tangu 2019 iko nyumba ya makumbusho yake Shangani, hatua chache kutoka baharini.